Bata Wangu Wapole wa Mamboleo

Leo nimeaibika, jamani. Naandika haya nikiwa nimejificha nyuma ya banda la bata.

Mnajua nimezurura. Mombasa, Eldoret, Sondu, kote nimeishi na kote nimeondoka. Mwaka huu nikarudi nyumbani Mamboleo, nikamwambia mama, "Safari hii sitoki. Nitafuga bata wa mayai." Akaniamini. (Kosa lake la kwanza.) Akawaahidi akina mama wa kikundi chake mayai.

Bata nilichagua mwenyewe pale sokoni Kondele, kumi na wawili. Bata wa nyanya yangu walikuwa na kelele ambazo hadi leo nazisikia nikifumba macho. Basi nikachukua wapole, wenye sauti ya chini na mkia uliojikunja vizuri kwa juu. (Nilidhani ni mbegu bora.)

Miezi minne, hakuna yai. Nikabadilisha chakula. Nikachimba kidimbwi. Nikatandika nyasi laini kwenye viota.

Leo afisa wa mifugo amekuja kufunza kikundi, na mama akaomba somo lifanyiwe kwetu. Nikasimama mbele ya watu. Nikalaumu chakula cha madukani. Nikalaumu maji. Nikalaumu hata mvua. Afisa, binti mdogo tu, akamshika bata mmoja. Akamshika wa pili. Wa tano akamwachilia.

"Mzee, nani alikuambia hawa ni majike?"

"Nilichagua mwenyewe, madam. Tazama mikia."

"Ndiyo hiyo natazama. Bata wa aina hii akikomaa na mkia ukijikunja hivi, huyo ni dume. Jike ndiye mwenye kelele."

"Sasa hapa madume ni wangapi?"

"Wewe umesikia kelele yoyote?"

Miezi minne nimewatandikia madume kumi na wawili mahali pa kutagia!

Jirani yetu Mama Akinyi akageuza kikapu chake juu chini. "Na mimi nilibeba cha mayai."

"Huyu ameona Kenya nzima," mama akasema. "Mkia tu ndio hakuuona."

Nikaingia ndani polepole kutafuta begi langu. Mama alikuwa ameshalikalia.

"Huendi popote. Kesho tunarudi Kondele. Mimi nitachagua, wewe utabeba."

Kama ni lazima mcheke, chekeni kwa sauti ya chini. Kama bata wangu.