Taa Nyekundu ya Bi Kabula

Valentino alipoona waya mpya mweusi umeingia ukutani kwa Bi Kabula, pale Gongoni mjini, alisimama akavua kofia. Wengine huvua kofia wakipita kanisani. Yeye alikuwa ameiona riziki.

Ujuzi wake wa intaneti aliupata kwa kuburuta nyaya na mafundi wiki mbili, kabla hawajamtimua. Kwa mtu wa kipaji chake, hizo zilizidi. Na shida alikuwa nayo, maskini ya Mungu: Mzee Hilari wa Urambo, baba wa mchumba wake Imakulata, alikuwa ametamka kwamba bila dumu zima la asali asimwone mlangoni kuposa, na kwamba kuna Mwalimu Silasi naye anasubiri zamu. Bi Kabula alikuwa muuza asali. Sasa hapo Mungu akufanyie nini tena?

Akazunguka nyuma ya nyumba, akachomoa kichwa cha waya kwenye kiboksi cha ukutani, kisha akaja mlango wa mbele na bisibisi mfukoni na sura ya mtu aliyetoka msibani.

"Shikamoo mama. Napita kukagua taa za intaneti."

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje? Tamthilia yangu imegoma sasa hivi!"

"Ndiyo kazi yetu, mama. Tunahisi."

Ruta, kile kisanduku cha intaneti chenye taa, ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isipate baridi. Valentino akakifunua kwa vidole viwili, akaguna, akaguna tena. Mguno wa pili ndio unaolipwa.

"Hii ya kijani ni ya umeme. Umeme upo. Hii ya PON inapepesa, inatafuta mtambo na haiupati." Hadi hapo alikuwa amesema kweli tupu, na alishaanza kuchoka. "Sasa hii nyekundu. Hebu soma mwenyewe, mama."

"L, O, S."

"Los. Kizungu hicho. Hasara."

"Hasara ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

Taa hiyo, jamani, husema jambo dogo tu: mawimbi ya kwenye waya hayafiki, labda waya umekatika, umekunjwa, au umechomolewa na mtu mwenye bisibisi na mchumba. Lakini maelezo hayo hayajawahi kumpatia mtu asali.

"Yesu na Maria!" Bi Kabula akashika kifua. "Ndiyo maana biashara imelala?"

"Ndiyo yenyewe. Ukiiachia, inahamia kwenye friji."

"Itoe, baba! Unataka nini?"

"Pesa sitaki, mama. Mimi si mtu wa pesa. Dumu moja tu la asali ya kule Usinge."

Bi Kabula akamtazama kidogo. "Asali lakini unaijua, mwanangu?"

"Asali si asali tu, mama? Mradi tamu."

"Haya," akasema kwa upole mkubwa. Akayapita madumu yaliyopangwa barazani, akaingia stoo ya nyuma kabisa.

Valentino akaenda uani "kupima hewa", akarudisha waya. Ndani, nyekundu ikazimika, ya PON ikatulia kijani, na Bi Kabula akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Akamkabidhi dumu kwa mikono miwili.

"Umeuchomeka vizuri ule waya. Ulipopita kule nyuma mara ya kwanza nilikuwa jikoni, dirisha langu linatazama huko huko."

Valentino akashukuru kwa sifa hizo. Alikuwa na haraka ya kuoa.

Urambo alipokelewa kwa heshima zote. Imakulata alileta soda, kavaa gauni jipya, na akamtupia jicho ambalo lilimfanya Valentino asahau hata uchovu wa safari. Akajimwaga kitini, akasimulia alivyomwokoa mama mmoja mjini: taa nyekundu, LOS, maana yake hasara, akaitoa yote, na asali hii ndiyo ahsante yake.

Mzee Hilari alimsikiliza hadi mwisho. Kabla ya kulima tumbaku, mzee huyo alikuwa mrina asali, na kwa bahati mbaya hakuna aliyewahi kumwambia Valentino. Akafungua dumu, akanusa, akaomba kiberiti.

Valentino alidhani mzee anataka sigara.

Mzee akachovya njiti kwenye asali, akaifuta kidogo, akaikwangua. Haikuwaka. Akachovya ya pili. Ikatoa moshi mwembamba, ikafa. Ya tatu hata moshi haikutoa.

"Asali safi njiti yake huwaka," akasema. "Wewe si fundi wa taa? Nisomee hii."

Valentino akaguna, akaguna tena. Safari hii mguno wa pili haukulipwa.

"Basi nitasoma mimi. Maji na sukari guru." Mzee Hilari akafunga dumu, akalisukuma kwa mguu hadi miguuni pa mgeni. "Ile hasara uliyoitoa kwa yule mama, kijana, naona umeileta kwangu."

Imakulata alikuja tu, akaichukua ile soda ikiwa nusu, akageuka nayo jikoni.

"Na wewe mama," baba yake akamwita, "ukifika huko mpigie Mwalimu Silasi. Mwambie aje, hata mikono mitupu."