Pemba kwa Watoto wa Nguruwe

Jumatatu, 3 Februari
Watoto wangu tisa wa nguruwe wametimiza wiki mbili na wote wamepauka. Hawachezi. Wanahema tu. Na banda langu ni la saruji, safi kuliko sebule nyingi za hapa Kiseke! Jirani yangu Odeta anafugia kwenye matope, na nguruwe wake wamenona. Dunia haina haki. Mke wangu Evelina amesema, bila hata kupandisha sauti, kwamba akifa mmoja banda linakuwa la kuku wake. Nawapenda sana hawa nguruwe. Kuku siwezi.

Jumanne, 4 Februari
Amekuja Masele, bwana mifugo. Kasema ni upungufu wa madini ya chuma. Maziwa ya mama yao hayana ya kutosha, na saruji haina kabisa. Wa Odeta wanayapata kwenye udongo. Sindano zimemwishia hadi wiki ijayo; kwa sasa niwamwagie udongo mwekundu. Udongo, bandani mwangu? Odeta afe kwa kicheko?

Nimefikiri. Wajawazito wanatafuna udongo gani? Pemba! Mweupe, mkavu, unauzwa kwa mafungu. Mbio hadi soko la Mkuyuni. Muuzaji, Mama Paskazia, kauliza kiroba kizima ni cha nani. Nikajibu cha nyumbani. Kanipongeza, kaniongezea fungu moja bure. Mama mwema sana.

Alhamisi, 6 Februari
Watoto wameinusa pemba, kisha wameilalia. Mama yao ndiye aliyekula yote.

Jioni kafika mama mkwe kutoka Magu, na mchele, na jogoo, na vigelegele vya kuanzia barabarani. Kumbe Paskazia ni binamu yake. Kauliza mimba ina miezi mingapi. Mkwe habishiwi. Nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo mama, asante mama. Evelina kanitazama. Sikula chakula cha jioni.

Ijumaa, 7 Februari
Evelina kamweleza mama yake ukweli kabla ya chai. Mama mkwe kainuka. Kachukua jembe na karai, kaenda kuchimba kichuguu kilichopo kwa Odeta, karudi na udongo mwekundu, kaumwaga katikati ya saruji yangu. Mara tatu! Watoto wakauvamia kwa pua. Odeta kaegemea ukuta, akasema sasa tumekuwa wafugaji wa aina moja. Nikamwambia huu ni utafiti.

Jumatatu, 17 Februari
Wote tisa wazima! Wana rangi, wanakimbizana, wamenitafunia kandambili. Nimekaa nao asubuhi nzima, nimefurahi hadi nimeona aibu. Evelina kasema banda libaki langu. Mama mkwe kaondoka, na jogoo wake.

Mama mkwe anausifu udongo wake. Masele, aliyewachoma sindano Jumatatu iliyopita, anaisifu sindano yake. Nawaachia. Najua ni pemba, ilipita kwenye maziwa ya mama yao polepole.

Masele kaniambia pia kwamba nguruwe wanaokua huhitaji madini ya shaba. Kidogo sana, chembe tu, na imo tayari kwenye chakula chao. Lakini mrututu, ile dawa ya bluu ya kuua ukungu wa nyanya, si shaba hiyo hiyo? Nimenunua kilo mbili. Chembe ni za wachoyo.