Malalamiko ya Dalali Aliyenyimwa Mbwa kwa Kosa la Kuwa na Sauti

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Kituo cha Kuhifadhi Mbwa Wasio na Kwao.

YAH: KUNYIMWA MBWA AITWAYE TULIA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kizuri, mahali palipo kimya kama mnavyopenda. Mimi pia ni mzima, isipokuwa koo. Jina langu la kuzaliwa sina haja ya kulitaja, maana mjini hapa hakuna anayelitumia. Hata mke wangu aliliacha zamani. Naitwa Kipaza. Ni dalali wa mnada. Ukumbi wangu uko nyuma ya ghala la mbao, na anayeutafuta haulizi njia, anafungua dirisha tu.

Nakuandikia kwa heshima zote. Zikiisha katikati ya barua uniwie radhi, kwani nilikuwa nazo nyingi kabla sijakutana na watumishi wako.

Mambo yalianza hivi. Mlipokarabati kituo chenu, mliniletea samani za zamani niziuze: makabati ya chuma, viti vilivyotafunwa miguu, na mizani ya kupimia mbwa. Dereva wenu aliileta mizigo hiyo pamoja na mbwa, amemkalisha kiti cha mbele kama bosi. Mbwa mwenyewe rangi ya udongo, sikio moja limesimama, la pili limekata tamaa, na mguu wa mbele ameulamba mpaka umebaki ngozi tupu. Alikuwa anazunguka palepale aliposhushwa, kama mtu aliyepoteza kitu akakikalia. Nikamuuliza dereva, huyu ana nini?

"Ana msongo wa mawazo, mzee. Nikimwacha kule anajitafuna. Usimguse, usimtazame, na ukiweza usipumue."

Nikapanda juu ya kreti nikaanza mnada. Ukumbi umejaa, feni linasaga, wanunuzi wanapandishiana bei kwa hasira. Nilipofika kwenye mizani, kwa sauti ambayo nakiri si ndogo, watu wa mstari wa mbele wakaanza kucheka, wananionyesha chini ya meza yangu. Mbwa amelala. Sisemi amejilaza. Amelala, mdomo wazi, anakoroma. Dereva wenu alivua kofia kama yuko msibani. "Huyu," akasema, "sijawahi kumwona amefumba macho yote mawili."

Mheshimiwa, katika kazi hii nimewafanya watu wagombane, waachane, wanunue piano isiyopita mlangoni mwao. Kumlaza mtu, sijawahi. Jioni hiyo nilimwambia mke wangu kwamba tunachukua mbwa. Akajibu, "Afadhali. Atakusikiliza yeye." Kesho yake nikaja ofisini kwenu kumwomba, na tangu hapo sijaona raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlituma Afisa Malezi kukagua nyumba yangu. Binti nadhifu, mpole, anayetembea kama sakafu inauma. Alitoa mkobani kifaa cha kupimia kelele akakiweka mezani, kando ya kikombe cha chai nilichomwekea. Nikamwambia, "Karibu sana, mwanangu!" Kifaa kikaruka. Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Nani huyo?" Kikaruka tena, mara hii kikapiga na kengele. Afisa akaandika jambo. Nikakohoa, akaandika jambo lingine.

Kisha akauliza: mbwa atakapotaka kuwa peke yake atafakari, ataenda wapi? Mheshimiwa, nyumba hii imelea watoto watatu na hakuna aliyewahi kupewa mahali pa kutafakari. Wa kwanza ni muuguzi, wa pili anachomelea vyuma. Wa tatu ndiye pekee aliyejipatia nafasi hiyo, na mpaka leo anatafakari, kwenye kochi langu. Sijaona kituo chochote kikija na kifaa kuuliza kama watoto wangu wanasumbuliwa na sauti yangu. Nimelala na mwanamke mmoja tangu ujana wangu, nikiota ndoto za mnada kwa sauti, na hajawahi kujilamba mguu.

2. Mlininyima. Hilo ningelimeza. Sababu mliyonipa ndiyo imekwama. Meneja wenu aliniita, akafunga mlango polepole kama anafunika kidonda, akanieleza kwa kunong'ona kwamba Tulia "ameathiriwa sana na kelele". Nikamuuliza kelele gani. Akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba tangu akiwa mtoto alilelewa sokoni, chini ya meza ya muuza viatu vya mitumba, mtu aliyeshinda akinadi viatu vyake kwa mayowe asubuhi hadi jioni. Siku moja yule mzee alianguka palepale kwenye meza akafa, na mbwa akakutwa chini yake amekaa tu, anasubiri. "Ndiyo maana," akanong'ona meneja, "tumemweka kwenye Chumba cha Kimya, apone."

Nilitegemea angejisikia mwenyewe alichosema. Hakujisikia. Ana vyeti ukuta mzima.

Yaani, Mheshimiwa, mnachukua kiumbe aliyefiwa na mtu wake, mtu aliyekuwa sauti kuanzia alfajiri, mnamfungia mahali ambapo hata mlango umefungwa sponji, halafu mnashangaa anazunguka. Angekuwa anazungukia nini kingine? Anamtafuta. Na juu ya hayo mkampa jina la Tulia, ambalo si jina, ni karipio. Kila mkimwita mnamgombeza.

3. Mlimpa mtu mwingine. Mlimpa mrekebisha saa, mjane, anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye zulia hadi chooni. Kifaa chenu, nasikia, hakikutikisika hata kidogo mle ndani, na Afisa Malezi nusura alie kwa furaha. Simlaumu mrekebisha saa. Ni mtu mwema. Mbwa alikula fremu ya mlango, akala na kitasa, kisha akaacha kula kabisa. Mrekebisha saa alimrudisha kwenu amembeba mikononi, na akitoka huko akapitia ukumbini kwangu, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kinasubiri kuuzwa.

"Mimi ni mtu wa maneno machache," akaniambia. "Kila nikinyamaza ananitazama kama anayengoja nimalizie sentensi. Nilijaribu kumsomea gazeti. Sina pumzi hiyo, ndugu yangu."

Mjane wa watu alifuta macho. Hata yeye, fundi wa vidude vidogo visivyosikika, aliona. Bodi nzima yenye katibu na mweka hazina haikuona.

4. Baada ya hapo nilisikia kutoka kwa dereva wenu kwamba mbwa hagusi chakula, mbavu zinahesabika, na kwamba asipobadilika mtamwita daktari wa mifugo "ampumzishe". Nalirudia neno lenu kama lilivyo ili ulione vizuri likiwa limekaa peke yake kwenye karatasi. Ampumzishe. Mtu akiwa na ulimi laini kiasi hicho anaweza kumchinja jirani yake na bado akaombwa kufungua mkutano.

Nikaja siku ya wageni. Mlinzi getini akaniambia ana maagizo: nikitaka kuingia, niingie kimya. Nikajaribu. Nakuapia nilijaribu. Nilifika kwenye bustani ndogo, nikasalimia kwa kichwa tu, kisha nikapiga chafya. Nikatolewa.

Basi nikazunguka nyuma ya ukuta, upande wa Chumba cha Kimya, nikageuza ndoo ya rangi nikapanda juu yake. Sikuwa na bidhaa. Nikanadi kilichonijia kichwani. Nikanadi kabati la mke wangu lenye kioo kilichopasuka. Nikamnadi shemeji yangu, mlaji mzuri, ametumika kidogo. Nikanadi Bodi yako, Mheshimiwa, kwa jumla, kama ilivyo, anayenunua aichukue bila kuirudisha. Mara ya kwanza! Mara ya pili! Wapita njia wakasimama. Mama mmoja mwenye kapu akampandia bei shemeji yangu, nadhani kwa dhati. Sikujua kama ndani wananisikia, na sauti ilikuwa imeanza kunikatika, lakini nikawaza mbavu zile nikaendelea. Halafu nikatambua kwamba nilikuwa nasikika peke yangu. Vizimba vyote vilivyokuwa vinabweka vilikuwa vimenyamaza. Mlinzi akachungulia juu ya ukuta, macho yamemtoka.

"Mzee, endelea," akasema. "Anakula."

Niliendelea mpaka bakuli likaisha. Nilishuka kwenye ndoo, na sioni haya kukuambia kwamba nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, kwa sauti yangu ileile, na nasikia alilala papo hapo.

5. Kwa tendo hilo nikatarajia, nisikudanganye, hata ahsante ya mdomo. Nililetewa barua ya onyo, yenye muhuri, inayonituhumu "kusababisha utulivu usioidhinishwa katika eneo la kituo". Nimemsomea mke wangu. Nimeisoma ukumbini kabla ya mnada, wanunuzi wakaomba nirudie. Mheshimiwa, naomba kujua utulivu ulioidhinishwa unafananaje. Unaombwa wapi? Una rangi gani? Mbwa mwenye njaa anajuaje kwamba usingizi alioupata ni wa magendo?

Kwa kuwa sasa nimeona mambo yenu yanavyokwenda, sitaomba jambo dogo tena. Naomba haya. Kwanza, Chumba cha Kimya kivunjwe na lile sponji wapewe watumishi wako waliweke linapostahili. Pili, kila afisa wako afundishwe kupiga kelele na mtu mwenye ujuzi. Mimi nina nafasi Jumatatu. Tatu, kama bado mnaona nyumba yangu haimfai mbwa, basi na mimi nihesabiwe kuwa sina kwetu, nipewe kizimba mkabala na chake, bakuli, blanketi na Afisa Malezi wa kunitazama kwa huruma. Mke wangu ameshakubali. Amekubali upesi kuliko nilivyopenda. Na siku mtakapotaka kumpumzisha, mtupumzishe wote wawili, ila nawaonya mapema kwamba sitakufa kimya.

Nasisitiza, na hili liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: sauti haina ubaya. Mbwa huyu hahitaji kunong'onewa. Nyumba inayonyamazia mbwa imemzika akiwa hai, na mtu anayetembea kwa ncha za vidole kumpisha mbwa alale ni wa kuonewa huruma kuliko mbwa mwenyewe.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote wa Bodi, walioko macho na waliosinzia. Msalimie dereva, mwambie kofia yake aliisahau kwangu. Msalimie mlinzi, mtu pekee kwenu mwenye masikio. Msalimie Afisa Malezi; chai yake aliiacha, tuliinywa sisi. Meneja msalimie taratibu asije akashtuka.

Ni mimi, ninayekusubiri kwa uvumilivu na kwa sauti,

Kipaza,
Dalali wa Mnada.

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha hii gari lenu liliposimama nje. Dereva amenikabidhi kamba, na mwisho wa kamba yuko Tulia. Anasema Bodi ilikaa asubuhi, mlinzi akaitwa kueleza aliyoyaona, na wewe mwenyewe Mheshimiwa ndiye uliyesema mbwa aletwe kwangu. Sikujua. Naomba yote niliyoandika hapo juu uyasome kama mtu anayefikiria jambo jingine.

Tulia amezunguka sebule mara kadhaa, amenusa kreti langu la mnada nililolileta nyumbani, amejilaza mguuni kwangu. Tangu hapo sijainua sauti. Mnada wa kesho nimeuahirisha. Mwanangu wa kochi nimemtoa nje na simu yake. Nimemwendea kwa ncha za vidole fundi bati wa jirani kumwomba aache kugonga kwa sababu kuna mtu wangu anapumzika, akacheka mpaka akakalia bati lake likapinda. Hata hii barua naimalizia kwa penseli, maana kalamu inakwaruza.

Mke wangu amekuja mlangoni, anasema mbwa hajalala, amefumba jicho moja tu, na kwamba niseme neno lolote, bwana, maana ninawatisha wote. Sijamjibu. Naogopa kumwamsha.