Ndoo za Nyegere

Jamani, leo nimewaita wazee wa watu nyegere. Kwa herufi kubwa. Nyumbani kwetu, mama yangu akiwepo. (Asiyemjua nyegere: ni yule mnyama anayevunja mizinga na kula asali isiyo yake. Kwa mfugaji wa nyuki, heri umwite mwizi.)

Ilianza hivi. Mama ananunua asali kwa wafugaji wa Sikonge, na kila mmoja ana mkataba wake. Leo walikuwa wanakuja hapa kwetu Itetemia kusaini mikataba ya msimu mpya na kuchukua ndoo za kuwekea asali. Siku nzito, maana kuna mnunuzi mwingine anawanyemelea. Mama alitaka tu kila ndoo iandikwe jina la mwenyewe, kwa kalamu.

"Kalamu, mama? Zama hizi?"

Maana mimi shuleni niko klabu ya kompyuta. (Klabu ina kompyuta tatu, moja tunaiwekea daftari juu.) Nikatafuta programu ya kusoma mikataba. Unazipiga picha karatasi za msimu uliopita, unaifundisha: jina la mfugaji liko hapa, kijiji hapa, idadi ya mizinga hapa. Yenyewe inachomoa, inapanga, wewe unachapa stika. Ikaniuliza kitu kimoja tu: isipoona jina, iandike nini? Mtu mwenye akili angeweka alama ya kuuliza. Mimi nikaandika NYEGERE. Kwa majaribio! Nikacheka peke yangu kama chizi. Halafu nikasahau kufuta.

Stika za juu zilitoka safi. Za chini sikuziangalia. Nikamwachia mdogo wangu Petro abandike. Petro yuko chekechea, kwake herufi ni michoro tu.

Wazee wakafika na baiskeli zao, vumbi hadi kwenye kope. "Shikamooni!" Wakaitikia. Nikasimama kwenye zile ndoo kama mgeni rasmi, nikaanza kusoma majina. Sahihi kabisa, moja baada ya jingine. Mama akatabasamu, akamwambia jirani, "Huyu wangu huyu!"

(Hapo ndipo ningezimia. Ingekuwa vizuri kwa kila mtu.)

Nikainua ndoo iliyofuata: NYEGERE. Nyingine: NYEGERE. Rundo zima lililobaki! Nikaelewa. Wale wasiojua kuandika waliweka dole gumba, na wino wa dole ukafunika jina. Programu haikuona kitu.

Hapa ndipo ninapojichukia. Ningeweza kusema tu, "Samahani, nimekosea." Badala yake nikajiambia, si hawajui kusoma? Nikawa nawapa ndoo stika ikiwa imeelekea kwangu. "Babu, yako hii. Babu, na wewe hii."

Mzee Maganga, mwenyekiti wao, akaigeuza ya kwake. Akaivuta na ya Mzee Kasanda, akaziweka sambamba. Akapitisha kidole pole pole, herufi kwa herufi, huku na kule.

"Mjukuu wangu, hebu njoo. Mbona mimi na Kasanda tuna jina moja?"

"Imeandikwa Mfugaji, babu."

"Ahaa. Na wale waliotangulia, wao hawafugi?"

Ndipo Kabula, mjukuu wake halisi, wa darasa la pili, aliyekuja amepakiwa kwenye baiskeli, akainama akasoma kwa ile sauti ya darasani: "Nye... ge... re. Nyegere! Babu, umeandikwa nyegere!" Akarukia ndoo nyingine. "Na babu Kasanda nyegere! Na huyu! Na huyu!" Alikuwa na furaha, maskini, ya mtu aliyejua kusoma.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ninayecheka mpaka msibani.

"Msimu uliopita nyegere alinivunjia mizinga," Mzee Maganga akasema taratibu. "Leo nimepewa na jina lake." Akaiweka ndoo chini kwa uangalifu, kana kwamba ina asali ndani. "Mama Yohana, hayo ya mkataba tutazungumza siku nyingine."

(Yohana ni mimi, kwa bahati mbaya.)

Wote wakaweka ndoo chini, hata wale wenye majina yao. Nikasikia tu minyororo ya baiskeli ikitoka getini.

Jioni nikamkuta mama uani anabandua stika kwa maji ya moto. Nikamweleza yote: dole gumba, wino, lile neno nililoandika kwenye programu, na jinsi nilivyozigeuza ndoo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kipigo. (Nilivaa sweta mbili.) Hata macho hakuinua.

"Hao wote nawajua kwa majina, baba," akasema. "Ungeniuliza tu."