Kofi Moja Kwenye Kimya

Jumatatu, tarehe 6

Redio imetangaza! Alhamisi, sikukuu ya taifa, watapiga nyimbo kumi zinazopendwa kuliko zote nchini. Ule wimbo wa harusi wa Mzee Tarumbeta umo. Wimbo wangu! Nimepiga makofi humo. Nilikuwa nimepeleka mashati ya bendi studio, bado ya moto kutoka kwenye pasi. Mpiga makofi mmoja hakutokea. Wakaniambia, dobi, simama hapo. Nikasimama.

Huo ni ukweli mtupu. Tatizo ni kwamba nimeshasema mengi yasiyo ya kweli, na hili nalo limetupwa kwenye kapu hilo hilo. Mama mkwe yuko kwetu hadi Jumamosi. Anampenda Mzee Tarumbeta kuliko wakwe zake wote, na mkwe ni mimi peke yangu. Leo nimemwambia tena habari ya makofi. Amemgeukia binti yake, akauliza kama nimekula, maana njaa humfanya mtu aropoke.

Lazima aniamini kabla hajapanda basi. Lazima!

Jumanne, tarehe 7

Mpango wa kwanza: ushahidi wa mikono. Baada ya chai nimeimba wimbo mzima uani huku nikipiga makofi, sawasawa, bila kukosea. Jirani yetu, fundi cherehani, ametoa kichwa dirishani, futi shingoni. Baba Mapacha, akaniita, mbona umeliruka kofi lenyewe?

Analisema lile la ubeti wa tatu. Bendi inanyamaza, Mzee anavuta pumzi, kimya kabisa, halafu pa! Kofi moja, peke yake, kama mlango uliobamizwa na upepo. Nchi nzima hulisubiri. Harusini watu huweka sahani chini ili walipige. Nimemjibu fundi kwamba hilo lilikuwa la mzembe mmoja aliyesimama kushoto kwangu. Akataka kujua mzembe huyo yuko wapi. Nikasema ni marehemu. Mke wangu akaingia ndani haraka, kanga mdomoni.

Fundi ana spika mbili kubwa. Amemwalika mama mkwe akasikilize kwake Alhamisi. Amekubali! Mama mkwe wangu, kwa fundi cherehani!

Jumatano, tarehe 8

Nimepata spika. Yaani, beseni kubwa la chuma la kufulia. Ukiweka redio ndogo ndani, sauti inakuwa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani, lakini inakuwa kubwa. Mama mkwe amesikiliza taarifa ya habari humo. Ameuliza kama msomaji ameokolewa.

Basi, mpango mkubwa. Nimepiga simu redioni. Nimemweleza mtangazaji yote: mashati, studio, makofi. Amesema wanaodai hivyo ni wengi, na mmoja alizaliwa baada ya wimbo. Nikamwambia hao si madobi. Muulize Mzee mwenyewe, si atakuwa hapo kesho? Na mwambie lile kofi la kwenye kimya silo langu! Akacheka, akaahidi kuuliza.

Mambo yameiva.

Alhamisi, tarehe 9. Sikukuu!

Bendera kila dirisha. Nyumba nzima imehamia uani na viti vyake. Mapacha wamevaa mashati niliyoyapiga pasi mpaka yanaweza kusimama bila watoto. Spika za fundi juu ya meza yake ya kukatia. Nimeleta beseni langu. Nimeombwa, kwa heshima zote, nilirudishe.

Tumecheza kuanzia wimbo wa kumi. Mama mkwe uwanjani, mtandio kiunoni, vijana wanampisha! Wimbo wangu umeshika nafasi ya pili. Kabla ya kuupiga, mtangazaji akamwambia Mzee kwamba kuna dobi amepiga simu. Nikawanyamazisha watu wote.

Mzee akasema, dobi? Yule dobi! Akacheka hadi akakohoa. Akasema ni kweli nilikuwepo, na mashati yalipendeza. Kofi la kwenye kimya ndilo langu hasa. Nilikuwa nimeduwaa, naitazama tarumbeta, nikapiga wenzangu wakiwa wameshanyamaza. Walitaka kurudia, lakini dobi alikuwa ameshatoka mbio, amekumbuka kwamba ameacha pasi ya moto. Baadaye wakasikiliza, wakalipenda, wakaliacha.

Fundi akaniuliza marehemu anaendeleaje.

Mama mkwe akanijia, machozi ya kicheko yanamtoka. Akanishika mikono, akaigeuza huku na huku kama anayechagua nyanya. Mwanangu, akasema, kumbe ni wewe! Ameniamini!

Wimbo ukaanza. Ubeti wa tatu. Mzee akavuta pumzi. Watu wote uani wakaniachia mimi. Pa! Nilichelewa kidogo. Hakuna aliyejali. Wamenibeba juu juu, fundi kashika miguu.

Jumamosi, tarehe 11

Tumemsindikiza mama mkwe kituoni. Kabla ya kupanda amewatangazia abiria wote mkwe wake ni nani. Dereva ameshuka kunipa mkono. Kondakta pia. Mtu mzima mmoja amevua kofia.

Nikaongeza kidogo. Kidogo tu. Ule wimbo wa nafasi ya kwanza, nikasema, mluzi wa mwanzoni nao ni wangu.

Mama mkwe amefurahi kupita kiasi. Ameshawapigia simu ndugu wote. Harusi ya mpwa wake ni mwezi ujao, na nitaupiga mbele ya ukumbi mzima.

Sijui kupiga mluzi. Lakini mwezi ni mrefu.