Nywele Zinazokula Ndama

Zubery alikuwa Igawa, amekalia gunia la mchele la mtu mwingine akisubiri lori la kurudi Mbeya, alipomwona Mzee Seni akivua kofia. Mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, akafuta jasho upesi upesi kwenye kipara, akairudisha kofia kama anayeficha bakuli la nyama mgeni asilione. Miaka ile lami ya barabara ya Tanzam ilikuwa bado mpya, na Zubery naye alikuwa mpya katika udaktari. Aliusomea palepale juu ya gunia.

Habari za mzee alizipata kwa muuza chai: Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wengi, sasa anaposa mke wa pili, binti mdogo. Zubery akachomoa kitana kwenye afro yake, afro iliyokuwa ikitangulia kuingia mlangoni kabla ya mwenyewe, akaichana, akasogea.

"Shikamoo mzee. Kipara hicho kinatibika."

"Marahaba. Kipara kipi?" mzee aliuliza, kofia kaishika kwa mikono miwili.

Zubery aliwahi kupiga deki kwenye maabara moja ya mifugo Iringa, mpaka spiriti ya watu ilipoanza kupungua wasijue inakwenda wapi. Huko aliona wataalamu wakikata kipande cha nyama hai, wakikitia kwenye chupa safi yenye maji mekundu, na chembe zake zikiendelea kuishi na kuzaliana nje ya mwili. Alisikia kwamba virusi vya kutengenezea chanjo huoteshwa ndani ya chembe kama hizo, na kwamba iko siku walioungua moto wataoteshewa ngozi yao wenyewe. Yote hayo ni kweli tupu, na tapeli mwenye akili huanzia hapo.

"Kisogoni bado unazo nywele," alisema. "Nakata kangozi, nakaotesha kwenye chupa, halafu napandikiza utosini."

"Kama mpunga. Kitalu kwanza, halafu jaruba."

"Mzee, wewe umesoma wapi?"

"Na mbolea yake?"

Zubery akashusha sauti. "Chembe hai hazili ugali, mzee. Zinakula maji ya damu ya ndama. Hata Ulaya ni hivyohivyo."

Hilo nalo, Mungu atusamehe, lilikuwa kweli. Isipokuwa Ulaya ndama hawaishii kwenye zizi la mkwe.

Maana Zubery alipanga chumba Mbeya, kwa Bushiri mwenye bucha, na alimpenda Zuena binti Bushiri mpaka chai aliisahau ikapoa. Bushiri alishamwambia wazi: "Binti yangu simwozi mtu mwenye nywele nyingi kuliko mali. Lete ng'ombe, tuzungumze."

Basi ndama wakaanza kupanda malori Igawa, mmoja mmoja, kwenda kulisha chupa. Zubery alimwambia Bushiri kuwa ni urithi wa mjomba. Mzee Seni alipokuja siku moja kukagua, alioneshwa chupa ya sharubati nyekundu ya choya, kangozi kake ndani, juu yake ukungu umeota mweupe, laini.

"Mbona mvi?" mzee alishtuka.

"Ni changa, mzee. Zitakomaa."

Mzee aliinama, akanusa chupa. Kisha akasema ataleta mwingine, dume.

Zizi likajaa, Bushiri akakubali, siku ya ndoa ikapangwa. Ikabaki kumtupa mgonjwa. Zubery akamtuma dereva wa lori na salamu za huzuni: baridi ya Mbeya imezidi, chembe za mzee zimefariki zote.

Keshokutwa yake, asubuhi, lori lilisimama mbele ya nyumba ya Bushiri likashusha ukoo mzima, na vyungu, na mablanketi. Helena, mke mkubwa wa Seni, alijitupa kizingitini. "Mayu wee! Wamemuua na baridi!"

"Mama, ilikuwa ngozi tu!" Zubery alinong'ona. "Kama punje ya mchele!"

"Uliniapia ni hai," alisema Seni kwa sauti ya msibani. "Inakula. Inazaa. Sasa kiumbe cha ukoo wetu kimefia kwako, tukamlilie wapi? Barabarani?"

Majirani nao walishaanza kuja na kuni, kwani hakuna mtu Mbeya anayepita msiba bila kuingia. Bushiri akatoka na kofia yake ya kiua, akatoa pole, akauliza marehemu alikuwa dini gani.

"Alikuwa bado hajaamua," Seni alijibu. Akamvuta Zubery pembeni. "Wafiwa wana njaa. Unachinja, au nimweleze mkweo marehemu alikuwa akila nini?"

Zubery alichinja. Kwa kisu cha Bushiri, kwa bismillahi ya Bushiri, machozi yakimtoka ya kweli, hata watu wakamsifu kwa upendo wake kwa marehemu. Chupa ilizikwa nyuma ya choo. Matanga yalipokwisha, Seni akamwuliza Bushiri, mtu anayejua mambo ya mirathi: mali ya marehemu huenda kwa nani?

"Kwa nduguze. Kwani aliacha nini?"

"Hao ndama waliobaki. Zubery alikuwa akimtunzia tu. Au siyo, mwanangu?"

Zubery alimtazama Zuena, akautazama mdomo wa mzee ulio tayari kufunguka. "Ndiyo," alisema.

"Na urithi wa mjomba?" aliuliza Bushiri. Posa ikafia hapohapo, bila wa kuilia.

Ikabaki kunyoa. Kwa akina Seni msiba haufungwi mpaka wafiwa wanyolewe, na yule ambaye marehemu amefia chumbani mwake ndiye wa kwanza. Helena alishakuja na wembe.

"Mimi Mungu alishaninyoa," Seni alisema, akivua kofia hadharani bila haya. "Mchumba wangu mwenyewe anakipenda hiki kipara, alisema siku ya kwanza kukiona. Mimi nimechunga tangu utoto, mwanangu. Nikisikia nywele zinakula ndama, najua mlaji ni nani."

Afro ikaanguka mafungu mafungu. Zuena, aliyeshika beseni la maji, alikitazama kichwa kilichojitokeza, akacheka mpaka maji yakamwagika.

Mzee Seni aliokota fungu moja la nywele nyeusi, akalitia kwenye chupa tupu ya soda, akaifunga vizuri na kumkabidhi mwenyewe.

"Haya, daktari. Otesha. Ndama jitafutie."