Hospitali Isiyojua Kupatana Bei

Bulla Pesa, Isiolo

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Hospitali ya Mifupa, Chennai, India

Assalaam aleikum, na kama wewe si Mwislamu, basi habari yako na ya watu wa nyumbani. Mimi ni Jaldesa Ganya, broka wa ngamia katika soko la mifugo hapa Isiolo, yule mgonjwa wa goti la kulia. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu mnaye mkalimani wa kutusaidia sisi watu wa Kenya. Mwambie asome polepole na asiruke kitu.

Nilikuja kwenu baada ya kusikia kwamba kubadilishwa goti huko ni nafuu kuliko Nairobi, hata ukijumlisha nauli ya ndege. Siku hizi nasali kwenye kiti. Paji langu la uso halijagusa mkeka tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Sokoni nako siwezi kuchuchumaa kuangalia kwato, na broka asiyechuchumaa huuziwa ngamia mgonjwa. Basi nikauza ngamia wawili, nikaja. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hospitali yenu haina foleni. Sisi huku tunajua kwamba penye dawa ndipo penye msongamano. Nyinyi mliniita hata sijakalia kiti vizuri. Nikajiuliza wenzangu wamekimbia nini.

2. Daktari wenu kijana alinitajia hatari zote za upasuaji bila kuulizwa: damu kuganda, kidonda kuoza, goti kukataa kukunjika. Mheshimiwa, nimeuza ngamia tangu sijaota ndevu, na sijawahi kumtajia mnunuzi kasoro ambayo hajaiona mwenyewe. Mtu anayetaja kasoro tatu kwa hiari yake anaficha ya nne. Nilimkazia macho nikiitafuta hiyo ya nne. Sikuiona, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

3. Niliomba kuona goti mlilolitengeneza likitembea. Hapo nawasifu, mlimleta mama mmoja, akapanda ngazi na kushuka. Lakini nilipomwomba afungue mdomo nione meno, nijue umri wake wa kweli, mkamwita askari. Kwetu huo ni ukaguzi wa kawaida, ingawa nakubali kwamba binadamu hatumfanyii.

4. Bei. Huku bei ya ngamia haitajwi mbele ya watu. Unafunika mkono kwa shuka, mwenzako anaingiza wake, mnaongea kwa vidole mpaka mkubaliane. Nilifunika mkono, nikamshika daktari vidole, nikabana viwili, ndiyo bei yangu ya kwanza. Akanihurumia. Akaandika kwamba mkono wangu unakakamaa, nikapelekwa kupigwa picha ya vidole. Vilikuwa vizima kabisa, na gharama ya picha ikaongezwa kwenye bili. Katika ubroka wangu wote sijawahi kupatana bei ikapanda.

5. Hili ndilo lililonileta kwenye kalamu. Asubuhi ya upasuaji niliinuka nikasema basi, naenda zangu. Kila mtoto wa Isiolo anajua maana yake: mnunuzi akiondoka, muuzaji humwita, humpunguzia kidogo, na mambo yanaisha kwa chai. Nilitembea polepole, na goti hili linaijua polepole. Niliinama hata kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa sandali. Hakuna aliyeniita. Muuguzi alisema ni haki yangu kuondoka, akanifungulia mlango kwa heshima. Nikajikuta barabarani na begi langu, nikaona haya kurudi ndani. Nikapanda ndege.

6. Hasara niliyopata. Nilipofika nyumbani nilikuta jamaa wamechinja mbuzi. Ningesema nini? Nilifunga goti bandeji, nikala. Nikichechemea wanasema linapona. Pesa ya goti iko ndani ya godoro na siwezi kuitumia hata kununua sukari, maana mji mzima unajua iliisha India. Tena sasa nimekuwa mtaalamu. Watu wanatoka Wabera, wengine Gotu, kuniuliza hospitali nzuri ya ng'ambo hujulikanaje, nami nawajibu. Juzi Mama Raho, mjane mwenye nyonga mbovu, aliniuliza kama kisu kinauma. Nikamwambia hutasikia kitu. Akaniombea dua ndefu, nikaitikia amina, na nilijionea aibu mpaka nikashindwa kumaliza chai.

Kwa hayo yote naomba mnirudishie nauli. Pia naomba muajiri mtu mwenye sauti akae getini, kazi yake iwe kuwaita wanaoondoka.

Nisalimie daktari kijana, muuguzi wa mlangoni, yule mama wa ngazi, na mkalimani aliyevumilia mpaka hapa. Hapa kwetu wote wazima, isipokuwa goti.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Jaldesa Ganya

Tanbihi: Mke wangu Batula ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Kumbe alijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu siku moja niliamka nikafunga bandeji mguu wa kushoto. Alinyamaza akisubiri niseme mwenyewe. Anasema badala ya karatasi zote hizi ungetosha mstari mmoja, kwamba mzee huyu anaogopa kisu. Ni kweli, niliogopa, na hata mngeniita nisingegeuka. Leo nitapita kwa Mama Raho nimwambie. Tafadhali niwekeeni kitanda baada ya Idd, kwa bei ileile yenu, vidole vyangu nitaviacha mfukoni. Mtu wa getini msimwajiri. Batula anakuja nami, na amesema atakaa mlangoni yeye mwenyewe.